Vitu Vidogovidogo

Karatasi ina nembo ya dhahabu na mistari kumi na minne.
Chini kabisa, kwa herufi nene kama za tangazo la msiba:
milioni saba, laki mbili na elfu arobaini.
Kijana wa kaunta ananisogezea kalamu.
"Saini hapa, Mama Nanyaro. Na hapa."

Mwanangu, nimekuwa mhasibu wa shule miaka ishirini na tisa.
Nimekagua mahindi yaliyoliwa na panya wa miguu miwili,
kuni zilizoungua kabla hazijanunuliwa,
magodoro mia yaliyolaliwa na watoto themanini.
Nivumilie. Tuanze juu.

"Uchunguzi wa kompyuta, laki mbili na nusu."
Kompyuta imesemaje?
"Injini, mama."
Injini imefanyaje?
"Ina tatizo."
Hilo nililileta mimi mwenyewe, bure, asubuhi,
kutoka Ngaramtoni, taa ya njano ikinitazama njia nzima.

"Kubadilisha injini nzima."
Mtu akikohoa, mwanangu, hawaanzi kuchimba kaburi.

"Ufundi, saa ishirini na mbili."
Mmeshazihesabu saa ambazo hazijafika?
Anacheka kidogo, kisha anaikumbuka tai yake.

Mstari wa kumi na mbili nimeuwekea kidole.
"Vitu vidogovidogo, laki tatu na themanini."
Vitu gani?
"Vidogovidogo, mama. Nati. Grisi. Vitambaa..."
Vitambaa!
Kwa hela hiyo, pale Kilombero,
nakuvalisha wewe, bosi wako, na gari.

Hajibu. Ananiletea maji ya chupa, ya baridi, yenye nembo ileile.
Nayo nayatafuta kwenye orodha.

Sauti yenyewe umeisikia?
Kimya.
Ko-ko-ko, likipanda kilima. Likishuka inanyamaza
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Nipeleke kwenye gari.
"Wateja hawavuki kioo, mama. Ni usalama."
Wa nani?

Basi tunasimama kiooni, mimi na yeye.
Gari langu kule ndani limeinuliwa, tumbo wazi,
kama mgonjwa asiyejua kwamba ndugu wamefika.
Chini yake kijana mwingine, wa ovaroli,
jina limeshonwa kifuani: Loishiye.
Ananiona. Anatazama kaunta. Ananitazama tena.
Kisha anagonga kwa spana, mara mbili, taratibu,
kidude kando ya mkanda, kisichozidi kikombe cha kahawa,
na kuendelea kufuta mikono kama hakugonga kitu.

Labda alikuwa anaijaribu spana.
Labda ni mimi, nataka mno iwe hivyo:
mafao yameshafika nusu,
na gari hili alilichagua marehemu Kaanaeli,
na kijani chake hiki kibaya,
akasema halitatusumbua.
Yeye halikumsumbua.

Kalamu yao nimewarudishia.
Yangu ni nyekundu, ya kazini; nilipostaafu hawakuidai.
Mstari wa kumi na mbili nimeuzungushia duara,
nikaandika pembeni, kwa mwandiko
uliowatoa jasho wakuu wa shule wanne:
Fafanua.

Za kompyuta nimelipa.
Nimeomba stakabadhi. Wamesema mashine haina karatasi.
Nimekaa.
Karatasi imepatikana.

Sasa natoka Njiro, vioo chini, redio nimeizima.
Meru umejifunika hadi kiunoni, mvua haipo mbali.
Kila mwinuko, ko-ko-ko,
na mimi nasikiliza kama ninayesikiliza mtoto akipumua usiku,
nikijiambia ni kidude tu, kikombe cha kahawa,
halafu nikijiambia, je, kama kompyuta ilisema kweli?

Unga Limited yuko fundi mmoja, Zefania,
anayeweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini,
akafumba macho.
Huenda naye atanidanganya.
Lakini atanidanganya nimesimama palepale,
mkono wangu juu ya boneti,
nikiisikia.